Kalamu na Randa: Mchujo wa Vijana katika Historia ya Masasi na Newala

Utangulizi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa, wachungaji wengi hujikuta wakiulizwa swali ambalo hawakufundishwa chuoni namna ya kulijibu. Mzazi huja na mwanawe, naye ataka kujua: je, atoe fedha yote ya korosho za msimu huu, na pengine auze na kipande cha shamba, ili kijana aende chuo kikuu? Au ampeleke akajifunze useremala, umeme au ufundi wa magari? Huko Masasi na Newala swali hili lina uzito wa pekee, kwa sababu fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, na ikishatumika hairudi mpaka mikorosho ichanue tena.

Makala hii haikusudii kumchagulia mzazi huyo. Twakusudia kuonyesha kwamba swali lake lina historia ya zaidi ya miaka mia moja katika eneo lile lile, na kwamba Kanisa ndilo lililokuwa la kwanza kuwachagulia vijana njia. Hoja yetu ni moja. Kilicholeta madhara hakikuwa kufundisha ufundi, wala hakikuwa kufundisha elimu ya juu. Madhara yaliletwa na desturi ya kuwapa ufundi wale waliohesabiwa kuwa wameshindwa na kitabu. Desturi hiyo twaiita mchujo.

Eneo tunalolizungumzia si shamba la Walutheri kwa asili. Masasi, iliyo chini ya uwanda kati ya milima ya mawe, na Newala, iliyo juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde ikilitazama bonde la Ruvuma, zilihubiriwa kwanza na Waanglikana wa UMCA, na baadaye na Wabenedikto. Hata hivyo yaliyotendeka huko yatuhusu sote, kwa kuwa mahali pengi katika nchi yetu shule zilianza kwa namna hiyo hiyo.

Misheni ya vyuo vikuu na mafundi wake

Yafaa tuanze na jina lenyewe. UMCA maana yake ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwezi Desemba 1857, na vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin vikaiunga mkono. Hivyo twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba Injili ilifika Masasi ikiwa mikononi mwa watu wa shahada. Lakini mwenye hotuba ile, Livingstone, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu alipokuwa mtoto wa miaka kumi, kabla hajasomea utabibu. Mkono na kitabu vilikutana ndani ya mtu mmoja.

Walikutana pia ndani ya Askofu Edward Steere. Alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria ya Chuo Kikuu cha London, naye ndiye aliyeweka msingi wa elimu ya lugha ya Kiswahili kwa vitabu vyake. Lakini watu wa Unguja walimwona pia akisimamia mitambo ya uchapaji na ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1873. Wageni wanaolizuru kanisa lile husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha nguzo fulani kichwa chini miguu juu, askofu alipokuwa safarini. Hadithi hiyo huwachekesha. Ni wachache wanaokumbuka kutazama juu na kustaajabia paa la matumbawe na saruji lililowekwa na mafundi wale wale, nalo lingali limesimama.

Mwezi Oktoba 1876 Steere aliondoka Unguja kwa njia ya Lindi pamoja na watu wapatao 55 waliokuwa wamekombolewa utumwani. Nia yao ilikuwa kuelekea upande wa Ziwa Nyasa, walikotoka wengi wao, lakini walipofika Masasi wakakaa. Kijiji kile hakikuanzishwa kwa vitabu peke yake. Palihitajika watu wa kukata miti, kujenga, kulima na kupika, kama vile palivyohitajika mwalimu na mhubiri. Mwaka 1879 mmoja wa vijana wa kwanza wa misheni, John Swedi, alipewa daraja la ushemasi, naye akawa shemasi wa kwanza Mwafrika katika misheni ile.

Mwezi Septemba 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikivamia kijiji cha Masasi, wakaua na kuteka. Mwaka uliofuata Chauncy Maples, mhitimu wa Oxford, aliihamishia kazi Newala, chini ya ulinzi wa Matola, mkuu wa Wayao wa huko. Tangu hapo majina ya Masasi na Newala yameambatana katika historia ya Kanisa.

Mchujo wa Unguja

Ili tuelewe jinsi vijana walivyogawanywa, hatuna budi kurudi Unguja, kwa maana huko ndiko walikoandaliwa waliotumwa bara. Watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa walipokelewa na misheni na kufundishwa. Baada ya muda walitengwa. Walioonekana wepesi wa kusoma walibaki katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, ili wawe walimu na watumishi wa Kanisa. Walioonekana wazito walielekezwa kwenye kazi za mikono, yaani useremala, uashi, uchapaji, au kilimo katika shamba la misheni huko Mbweni.

Hatuna haki ya kuwadharau wamisionari kwa jambo hilo. Walikuwa na watoto wengi wasio na jamaa, nao walitaka kila mmoja apate riziki ya halali. Tena matunda ya Kiungani hayakanushiki. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alisoma huko na kisha Canterbury, akatumikia Chitangali katika nchi ya Ruvuma, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani walianza kutoa jarida la Kiswahili, Msimulizi, lililokuwa na habari za vituo vya misheni hata vya bara. Na hapo tena twaona kitabu kikimtegemea fundi, kwa kuwa pasipo mpanga herufi mwandishi angebaki na karatasi yake mkononi.

Walakini mchujo ule ulipanda mbegu. Kijana aliyeambiwa aende kwenye randa alijua amepelekwa huko kwa sababu gani. Hakuchaguliwa kwa kuwa ana mkono mwepesi na jicho la kupima ubao. Alipelekwa kwa kuwa hakufaa mahali pengine. Na wenzake walijua hivyo pia. Ufundi ukawa jibu la kushindwa, na kalamu ikawa zawadi ya kushinda.

Elimu iliyokuwapo kabla

Jambo hilo lilikuwa geni kwa watu wa eneo hilo. Wamakonde, Wamakua na Wayao walikuwa na chuo chao, ndicho jando. Katika likumbi la Wamakonde wavulana wa rika moja waliingia pamoja na kutoka pamoja. Mtoto wa mkuu na mtoto wa maskini walilala mahali pamoja na kufundishwa mambo yale yale. Palikuwa na mateso, na palikuwa na mafundisho ambayo Kanisa halikuweza kuyakubali, lakini mchujo haukuwapo. Hakuna aliyerudishwa nyumbani akiitwa ameshindwa kuwa mtu mzima.

Ufundi nao ulikuwa na njia yake. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipopita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, aliandika kwa kirefu juu ya ufinyanzi, uchongaji na kazi nyingine za mikono alizoziona. Kazi hizo zilifundishwa kwa kutazama na kujaribu, kijana akiwa kando ya mkubwa wake, na aliyezimudu aliheshimiwa kwa kuzimudu.

Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, anakumbukwa sana kwa kuliingiza jando katika maisha ya Kanisa likiwa limesafishwa na kutiwa sala. Wanahistoria wamelijadili jambo hilo mara nyingi kama suala la ibada na utamaduni. Sisi twaliona pia kama suala la elimu. Lucas alilitunza jando, ambalo halikumwacha mtoto hata mmoja nje, wakati uleule shule za misheni, kama ile ya Chidya, zikiwachagua wachache wawe walimu. Vyuo viwili vilikaa katika parokia moja, kimoja kikimpokea kila mtoto na kingine kikichuja.

Wabenedikto walifuata njia nyingine. Vita vya Maji Maji vya 1905 viliteketeza vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao, kama vilivyoiteketeza misheni ya Masasi. Mwaka 1906 walianzisha Ndanda. Kwa kuwa kanuni ya watawa inaunganisha sala na kazi, kijana wa huko aliweza kumwona bruda mseremala au mwashi aliyeweka nadhiri sawa na mwenzake wa maktaba. Hatusemi kwamba ndani ya utawa hapakuwa na tofauti ya vyeo kati ya mapadre na mabruda, maana ilikuwapo. Lakini karakana ilikuwa sehemu ya nyumba ya Mungu.

Kwa nini wazazi waliushuku ufundi

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki kutazama elimu. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones wa Marekani, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, Mwafrika kutoka Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri elimu ilingane na maisha ya kijijini, kwa kutilia mkazo kilimo, afya na kazi za mikono, na mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa sera yenye mwelekeo huo.

Kwa maneno matupu, ushauri ule ulikuwa na busara nyingi. Lakini Waafrika wengi waliusikia kwa sikio jingine. Waliona kwamba Mzungu aliyewahimiza wajifunze jembe na randa alikuwa akiwapeleka watoto wake mwenyewe kwenye shule za kitabu, na kwamba karani alipata mshahara na heshima ambavyo seremala hakuvipata. Wakahitimisha kuwa ufundi ni dari iliyowekwa juu ya vichwa vyao ili wasisimame wima. Wasomaji wetu wasiuite mtazamo huo kiburi. Ulikuwa ni usomaji sahihi wa mambo waliyoyaona.

Historia ya shule zenyewe yathibitisha hayo. Makerere, ambayo jina lake likawa sawa na elimu ya juu kwa Afrika ya Mashariki yote, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kufikia mwaka 1949 ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Katika Tanganyika, shule ya ufundi ya Ifunda iliyofunguliwa mwaka 1951 iligeuzwa kuwa sekondari katika miaka ya 1960. Kila mlango wa ufundi uliofunguliwa ulivutwa upande wa kitabu, kwa kuwa huko ndiko cheo kilikokuwa.

Wakati huo huo nchi ya kusini ilionyeshwa hasara ya kuitenganisha kalamu na mkono. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea, kaskazini ya Masasi, ikawa mojawapo ya maeneo yake. Mpango ulichorwa kwa haraka na wataalamu walioujua udongo kwa ramani kuliko kwa jembe. Mwaka 1951 uliachwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kusini ilibaki na bandari ya Mtwara na reli ambayo nayo haikudumu.

Nyakati za uhuru

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 wahitimu wa vyuo vikuu walikuwa wachache mno. Shahada haikuwa pambo. Ilikuwa haja ya taifa. Kijana wa Lupaso karibu na Ndanda, Benjamin Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938, alisoma katika shule za misheni, akahitimu Makerere mwaka 1962, na akawa Rais wa nchi tangu 1995 hadi 2005. Wazazi wa Masasi wakimtaja mtu huyo mbele ya watoto wao hawakosei. Njia ya kitabu ilimtoa mtoto wa kijijini ikamfikisha Ikulu.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mwenyewe na shahada ya Edinburgh, aliiona hatari iliyokuwa nyuma ya mafanikio hayo. Katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 alishutumu shule inayowaandaa wachache kwa kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa, akataka elimu ya msingi iwe kamili ndani yake yenyewe. Hoja ilikuwa ya kweli. Lakini katika utekelezaji, mahali pengi shamba la shule likawa mahali pa adhabu. Mtoto aliyechelewa alipewa jembe, na mtoto aliyeshinda mtihani aliondoka. Mchujo wa Kiungani ukarudi ukivaa nguo mpya.

Nje ya shule, ufundi uliendelea pasipo cheti. Tangu miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde, wengi wao wakitoka ng'ambo ya Ruvuma na wengine upande wa Newala, walikwenda Dar es Salaam, wakakaa chini ya miti na mabanda wakichonga mpingo na kuwafundisha vijana wao. Kazi zao zimewekwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wameandika tasnifu juu yao. Ni ajabu iliyoje kwamba mtu apewe shahada kwa kumwandika fundi, na fundi asihesabiwe kuwa amesoma.

Uwanda wenyewe watoa ushuhuda mwingine. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni adimu, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuyachota. Mitambo ya kuyapandisha maji ilianza kujengwa katika miaka ya 1950, na tangu hapo Newala imejua jambo ambalo miji mingine husahau. Mhandisi asipochora, maji hayapandi. Fundi wa pampu asipokuwapo, maji yaliyopanda hukatika. Mama mwenye ndoo tupu hamwulizi mmoja wao cheti chake kabla ya kumhitaji.

Kijana wa leo na mshauri wake

Hali ya sasa imebadilika kwa mambo makubwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafungulia mlango wengi ambao wazazi wao wasingeweza kulipa, ingawa kwa miaka mingi mikopo hiyo ilimwelekea mwanafunzi wa shahada, si mwanafunzi wa karakana. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Wahitimu wa vyuo vikuu wameongezeka kupita nafasi za ajira, na cheti kilichokuwa ufunguo mwaka 1962 leo chaweza kukaa sandukuni.

Kwa sababu hiyo sauti nyingi zasema sasa: vijana waende kwenye ufundi. Twakubali, lakini twaomba tahadhari. Ikiwa mkondo wa amali utajazwa na watoto waliokosa alama za kwenda kwingine, tutakuwa tumerudia kosa la karne ya 19 kwa majengo mazuri zaidi. Na mzazi wa Newala atauona mchujo huo upesi kuliko sisi, kwa kuwa wazee wake waliuona kabla yake.

Mapokeo yetu ya Kilutheri yana neno hapa. Hans Luther alikuwa mtu wa migodi na tanuri za shaba huko Mansfeld, naye aligharimia masomo ya mwanawe ili awe mwanasheria. Kijana huyo hakufuata njia aliyochaguliwa. Naye Martin Luther alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 juu ya shule, alipendekeza wavulana wakae shuleni saa moja au mbili kwa siku, na muda uliosalia wajifunze kazi nyumbani. Wale wenye kipawa cha pekee wakae zaidi, ili wawe walimu na wahubiri. Hivyo hata yeye alichagua. Lakini alichagua ndani ya fundisho la wito, ambalo kwalo kazi ya fundi na kazi ya mchungaji humtumikia jirani yule yule, na hakuna iliyo karibu na Mungu kuliko nyingine.

Tusisahau pia kwamba watu wa Nazareti walipochukizwa na Yesu, neno walilolishika kinywani lilikuwa seremala (Marko 6:3). Walimpima kwa kazi yake, wakajikwaa. Na Mtume Paulo, mwanafunzi wa Gamalieli, hakuona aibu kushona mahema (Matendo 18:3).

Hitimisho

Mchungaji anapoulizwa na mzazi, historia ya Masasi na Newala yamfundisha mambo matatu. Kwanza, asimshauri kijana kwenda ufundi kwa sababu ya alama peke yake, bali autazame mkono wake na upendo wake wa kazi, kama vile angeitazama akili ya yule anayekwenda chuo kikuu. Pili, asimshauri mzazi kuuza shamba kwa ajili ya shahada pasipo kuuliza shahada hiyo yaelekea kazi gani, maana shamba likishauzwa haliwarudii wadogo zake. Tatu, auchunguze usharika wake mwenyewe. Je, siku ya kuwapongeza wahitimu, ni nani huitwa mbele? Kama mwenye shahada huitwa na kupigiwa vigelegele, na aliyemaliza ufundi bomba hubaki kwenye benchi la nyuma, basi usharika umekwisha kutoa ushauri wake kabla mchungaji hajafumbua kinywa, na kijana ameusikia.